Koti Juu ya Saa ya Seneti

Jaji Halvor Stensrud alikuwa na desturi ya kusoma mafaili asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto. Jumatatu moja mwishoni mwa Machi alilifikia ombi la Wendell Kjos akiwa na kipande cha mkate wa viazi mdomoni. Alisoma ukurasa wa kwanza huku akitafuna. Alipoingia wa pili, aliacha kutafuna.

Jina alilijua. Miaka ishirini na moja iliyopita, katika chumba cha mahakama cha ghorofa ya chini, yeye mwenyewe alimhukumu Wendell Kjos kifungo cha maisha bila kutoka. Kijana alikuwa na miaka ishirini na sita. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuvunja na kuingia jikoni mwa shule, la pili kuvunja banda la mkulima na kuiba tandiko la farasi, la tatu kuvunja duka la ushirika na kuondoka na mashine ya kuchomelea. Hakumgusa mtu hata kwa kidole. Lakini sheria ya jimbo ilisema anayevunja mara tatu hatoki tena, na jaji hakuachiwa nafasi ya kupunguza hata siku moja.

Ukurasa wa pili ndio uliomkwamisha tonge. Wakili wa mfungwa, msichana wa palepale mjini Torvik aitwaye Marit Dahlen, aliandika kwamba sheria ile haikuwahi kuwa sheria. Katiba ya jimbo inasema kikao cha Seneti hufa saa sita mchana ya siku ya sitini, na kinachopitishwa baada ya hapo ni sawa na kisichopitishwa. "Sheria hii ilipitishwa saa tisa na robo alasiri," aliandika. "Jaji wa mahakama hii analijua hilo. Nilimsikia akilisimulia nikiwa na miaka tisa, kwenye karamu ya samaki katika chumba cha chini cha kanisa letu. Watu wote walicheka, na mimi nikacheka nao."

Halvor aliweka karatasi chini akafuta vidole. Ni kweli walicheka. Kisa kile alikisimulia katika kila karamu ya kampeni kwa miaka miwili, tena alikisimulia vizuri.

Kabla ya joho la ujaji, Halvor alikuwa seneta wa jimbo kwa miaka kumi na sita. Baba yake alilima ngano, naye akasomea uwakili, akarudi nyumbani kuandika wosia za watu na kusuluhisha ugomvi wa nyua. Siku moja wazee wa chama walimwona anafaa. Kura alizipata kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na alikuwa na kipaji cha kukumbuka jina la mbwa wa kila familia. Watu wa huku hawampi kura anayesema sana, wanampa anayewakumbuka. Kisha, kiangazi kimoja, mwizi aliyekwisha kufungwa mara mbili aliwaua bibi na babu mmoja shambani kwao, na wilaya nzima ikaanza kufunga milango ambayo haikuwa hata na funguo. Halvor akaandika sheria ya mara tatu. Nusu aliiandika kwa sababu aliogopa kama wengine, na nusu kwa sababu uchaguzi ulikuwa umekaribia. Miaka miwili baada ya sheria kupita, gavana alimteua jaji, na tangu hapo wapiga kura walikuwa wanamrudisha bila mpinzani.

Sasa, koti. Katika Seneti ile miswada yote migumu hurundikana siku ya mwisho, na saa sita haimngoji mtu. Kwa hiyo wazee wa zamani walibuni njia. Ikifika kama dakika mbili kabla ya saa sita, bawabu alileta ngazi, rais wa kikao akapanda, akavua koti lake na kulitundika juu ya saa kubwa ya ukutani. Koti likiwa pale, saa sita haijafika. Aliyethubutu kutazama saa ya mkononi alizomewa mpaka akaificha mfukoni. Waliendelea hadi alasiri, na karani aliandika kila kitu katika Kitabu cha Kumbukumbu kwamba kimefanyika saa sita kasoro dakika mbili. Mwishoni rais wa kikao alitia sahihi. Watu wazima thelathini na watano, wenye mvi na miwani, wakicheza mchezo ambao mtoto wa chekechea angeuonea haya, halafu wakirudi majumbani kuwaambia watoto wao wasiseme uongo. Mwaka wa sheria ya mara tatu rais wa kikao alikuwa Halvor. Koti lilikuwa lake, na sahihi ilikuwa yake.

Marit Dahlen alikuwa amemaliza ombi lake kwa hukumu ya kale ya Mahakama Kuu ya jimbo: Kitabu cha Kumbukumbu hakipingwi na mtu yeyote, isipokuwa yule aliyekitia sahihi, naye akiwa ameapa. Katika nchi nzima mtu huyo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyepelekewa faili.

LaVonne Quam, aliyekuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa, aliingia na karatasi mkononi.

"Nimekuchapia amri ya kulitupa lile la Kjos," alisema. "Mistari minne tu. Kitabu kinasema kasoro dakika mbili, basi. Tia sahihi niipeleke na mengine."

"Iache hapa."

"Niiache? Haya. Mwaka huu kila mfungwa amekuwa profesa wa katiba."

Halvor aliitia kwenye droo. Ilikaa humo wiki mbili. Kila asubuhi alifungua droo, akaitazama, akaifunga. Hakukosa kujua alichokuwa anakikwepa. Akitia sahihi, Wendell angekufa gerezani na hakuna ambaye angeuliza. Akijiondoa kimyakimya, jaji mwingine angesoma Kitabu na kuamua vilevile, na Wendell angekufa gerezani pia. Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa, nayo ilipita kwenye kizimba cha mashahidi, na mwisho wake Halvor asingekuwa jaji tena wala mtu wa kuheshimiwa Torvik.

Habari hutembea. Jumamosi ya pili, Clayton Rusk aliendesha gari saa tatu nzima kwenye barabara za tope la theluji kuja kumwona. Clayton alikuwa seneta pamoja naye, na jina lake lilikuwa la pili kwenye mswada ule. Alikaa jikoni bila kuvua kofia. Ardis, mke wa Halvor, akamimina kahawa.

"Nasikia kuna kabinti kanachokonoa mzinga," Clayton alisema.

"Ni wakili, Clayton."

"Wakili, kabinti, yote mamoja. Mtupie huko karatasi zake ulale usingizi. Au umezeeka hata kalamu inakushinda?"

"Kitabu nilikisaini mimi."

"Ndiyo maana usikiguse! Kwani chini ya lile koti ilipita sheria moja? Zilipita tisa, bwana. Ya manesi wa vijijini ilipita siku ileile. Baba yako alipokuwa anakufa, nani alikuwa anakuja kumgeuza kitandani? Nesi wa sheria ile. Sasa unataka kuifuta kwa ajili ya mwizi wa mashine?"

"Sitaki kuifuta."

"Basi. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Ardis alikuwa amesimama na birika. Si mwanamke wa kuingilia mazungumzo ya siasa, ameyasikia mengi mno.

"Clayton," alisema, "siku ile mlimaliza saa ngapi?"

"Shemeji, mimi nilikuwa natazama koti." Clayton akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa tisa. Saa tisa na kitu hivi."

"Kumbe unajua."

"Kujua najua," Clayton alisema, akainuka kutafuta funguo zake. "Kuapa siapi."

Gari lake lilipopotea nyuma ya ghala la ngano, Ardis aliosha vikombe. Halvor alijua swali linakuja, kama unavyojua mvua.

"Ulipomfunga yule kijana," Ardis alisema bila kugeuka, "ulilikumbuka lile koti?"

"Kitabu kilisema—"

"Sikukuuliza habari za kitabu, Halvor."

Halvor alitoka akaenda kukwangua tope kwenye ngazi za nyuma, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Kesho yake, baada ya ibada, watu walishuka chumba cha chini kunywa kahawa. Ione Kjos, mama yake Wendell, alikaa karibu na mlango ili apate hewa. Alikuwa na miaka sabini na nne na mapafu yaliyochoka, na daktari alikuwa amemwambia asipange mambo mengi baada ya kiangazi. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa anakuja kanisa moja na mtu aliyemfunga mwanawe. Hakuwahi kumtukana, wala kumpa mgongo. Huku kwetu mtu anaweza kubeba jambo kubwa hivyo kwa miaka mingi na bado akakupitishia sukari.

Aliinua mkono, na Halvor akaenda akainama.

"Sikuombi kitu, Jaji," alisema. Alipumua kwanza ndipo akaendelea. "Najua hairuhusiwi kuzungumza habari za kesi, Marit kanikanya. Nataka ujue tu kwamba chumba chake nimekipaka rangi. Nilipaka ukuta mmoja kwa wiki, siwezi zaidi. Watu wanasema nimeanza kuchanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa, mama," Halvor alisema.

"Basi vizuri. Ongeza kahawa, inapoa."

Alirudi mezani kwake akaona aibu, kwa sababu alikuwa anajihofia yeye mwenyewe. Hata pale, mbele ya mwanamke anayekufa, alikuwa bado anahesabu vipi watu wangemtazama akipita dukani. Alijichukia kwa hilo, na chuki hiyo ndiyo iliyomsaidia.

Jumatatu alichana amri ya mistari minne. Alichukua karatasi nyingine akaandika kwa mkono wake kwamba anajiondoa kwenye kesi ya Kjos, na mahali pa kutaja sababu aliandika maneno matano. LaVonne aliisoma akiwa amesimama, akasogeza miwani.

"Mheshimiwa, hapa umekosea. Umeandika 'mimi ni shahidi wa kesi'."

"Sijakosea."

LaVonne alikaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia. "Watakuvua joho," alisema.

"Watanivua."

"Na mimi nilikuwa nastaafu nawe mwaka kesho." Alitoa leso akapenga. "Haya, lete niipige muhuri kabla hujabadili mawazo. Wewe nakujua."

Kesi ilisikilizwa Aprili, na waliletewa jaji kutoka wilaya za magharibi, Paulette Ferris, mwanamke mkavu asiyependa maneno. Chumba kilijaa. Wakulima waliacha mashine zao za kupandia, na nyuma kabisa walisimama waliokosa viti. Wendell aliletwa na askari wawili. Halvor hakuwa amemwona tangu siku ya hukumu. Alikuwa amenenepa kwa unene ule wa gerezani, na kichwa kilikuwa kimeanza upara.

Halvor alipanda kizimbani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amekitazama kizimba kile kutoka juu, ameona watu wakitokwa jasho humo, na mara nyingine, Mungu amsamehe, aliwachoka. Hakujua kwamba kiti chake kilikuwa kifupi kiasi kile. Aliapa.

Marit Dahlen alimuuliza taratibu, na yeye akajibu taratibu: ngazi, koti, miswada tisa, na saa tisa na robo kwenye saa ya mkononi ambayo aliitazama kwa siri chini ya meza. Hakuna aliyecheka. Kisa ni kilekile alichowachekeshea watu haohao, wengine wakiwa wamekaa viti vya mbele, na sasa walikuwa wanatazama sakafu.

Mwanasheria wa jimbo, Royce Haugen, aliinuka kwa zamu yake.

"Kwa hiyo ulitia sahihi kwenye uongo."

"Ndiyo."

"Na leo tukuamini kwa lipi?"

"Siku ile sikuwa nimeapa," Halvor alisema, kisha akasita. "Hapana. Hilo nalo si kweli. Nilikuwa nimekula kiapo cha useneta. Naomba liandikwe hivyo."

Haugen alitazama karatasi zake, akasema hana zaidi. Halvor aliinuka nusu, akidhani yamekwisha.

"Kaa," alisema Jaji Ferris. "Nina swali langu. Miaka mitatu baada ya siku hiyo ulikaa kiti hiki nilichokalia mimi, ukampa mtu huyu kifungo cha maisha. Asubuhi ile, ulijua?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa amejipa jibu hilo kwa miaka: kwamba katika kazi yao kilichoandikwa ndicho kilichotokea, kwamba jaji hufuata kitabu, kwamba kama kila mmoja angeanza kukumbuka saa yake ya mkononi pasingebaki sheria. Ni jibu zuri, lina heshima, na lingemwachia kitu cha kushika uzeeni. Alitazama mbele akamwona Ione amekaa pembeni ya Ardis, mkono mmoja kifuani akisaidia pumzi.

"Nilijua," alisema. "Niliamka, nikavaa joho, na nilijua. Nilijiambia kwamba kitabu ndicho ukweli. Wakili wake hakuuliza kuhusu saa, kwa hiyo nami sikusema. Nilipomaliza nilikwenda kula chakula cha mchana."

Sauti ya mtu mmoja ilisikika nyuma ikisema, "Ee Mungu," na askari hakumnyamazisha.

Jaji Ferris alitoka kwa saa moja. Aliporudi alisoma kwa dakika nne: Sheria ya mara tatu haikuzaliwa. Kwa sheria ya zamani Wendell Kjos angefungwa miaka mitano, naye ametumikia ishirini na moja. Sheria nyingine za siku ile hazikuwa mbele yake, na Bunge likitaka kuzipitisha upya lina mchana mrefu wa kufanya hivyo. Mfungwa aachiliwe leo. Kuhusu shahidi, faili lingepelekwa kwenye baraza la nidhamu la majaji. Halvor hakulisubiri baraza. Barua ya kujiuzulu ilikuwa mfukoni tangu asubuhi, na alimkabidhi LaVonne njiani.

Alitangulia kutoka, akasimama kwenye korido karibu na mlango mkubwa. Alitaka kuwaona. Hakujidanganya kwamba alistahili chochote, lakini mtu ni mtu, na moyoni alikuwa amejiandalia maneno machache ya kuomba radhi, mafupi, yasiyo na visingizio. Watu walipita wakimkwepa. Wachache walimgusa bega. Jirani yake, aliyecheza naye karata kila Alhamisi kwa miaka kumi na tano, alipita akitazama kofia yake mwenyewe.

Kisha wakaja. Wendell alikuwa amevaa shati la mikunjo ya dukani, na mama yake alikuwa amemshika mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Marit alikuwa nyuma na mikoba yao. Halvor alivua kofia.

"Mama Ione," alisema. "Naomba—"

"Usiniombe mimi." Ilimbidi avute pumzi katikati. "Mimi nitakusamehe upesi tu, ili mambo yaishe, maana sina muda. Si mimi uliyenifunga. Muombe yeye."

Halvor akamgeukia Wendell. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa pale mdomoni, yote, kwa mpangilio. Wendell alikuwa anamtazama bila hasira, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesimama mahali pabaya.

"Baadaye, Jaji," alisema. "Tupishe kwanza. Mama hawezi kusimama sana."

Halvor ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameziba njia. Alisogea ukutani, akausukuma mlango na kuushikilia kwa mkono wote mpaka wakapita, taratibu, hatua ya mgonjwa, wakashuka ngazi kwenda kwenye gari.